Lauti wa Kisungule

Mambo haya yalitokea katika nchi iliyo mbali sana na hii yetu. Msomaji atakayeona yanafanana na ya kwao, namwomba akubali kwamba macho yake yamechoka, akanawe uso, kisha aendelee kusoma bila kumtazama jirani.

Nchi yenyewe inaitwa Staha. Waingereza walioitawala walipofunga virago waliacha mawigi ya mahakimu, chai ya saa kumi, na Sheria ya Watu Wasio na Adabu. Wananchi walipopata uhuru walibadilisha bendera, wimbo na majina ya mitaa, lakini vitu hivyo hawakuvigusa. Wigi lilimpendeza kila aliyelivaa, chai ilikuwa tamu, na ile sheria ilikuwa na manufaa ambayo mtu huyaona akishakuwa mkubwa.

Iliandikwa na gavana mmoja aliyechukizwa na wenyeji waliokuwa wakimtazama usoni anapozungumza. Alikusanya majina ambayo mabibi wa kwao walikuwa wakiwaita watu wasio na malezi, akayapanga kwa madaraja. Palikuwa na buri, palikuwa na chali, na palikuwa na lauti. Maana zake hakuziandika. Aliona kwamba mstaarabu anazijua, na asiyezijua ndiye mhusika.

Kwa hiyo watu wa Staha walihukumiwa kwa maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa. Mzee mmoja alipoitwa buri alishukuru sana, maana kwao buri ni pembe ya ndovu. Mwalimu mmoja alipoambiwa mahakamani kuwa yeye ni chali, alilala sakafuni akatazama dari, akidhani ni amri. Akaongezewa adhabu kwa kulala mbele ya hakimu. Lakini lililoogopwa zaidi lilikuwa lauti. Masikioni mwa watu lilikuwa kama jina la ugonjwa wa ng'ombe.

Sheria hiyo ilisimamiwa na Wizara ya Adabu na Mwenendo Mwema, chini ya Mheshimiwa Daktari Anakleti Mbombo. Udaktari wake alitunukiwa ughaibuni, baada ya kula chakula cha jioni na wakuu wa chuo fulani bila kuangusha uma. Hakuwahi kupiga chafya hadharani. Alikuwa na msaidizi aliyepiga chafya kwa niaba yake. Alipotembelea wilaya, njia zilifagiliwa, mbwa walifungwa, na wenye kikohozi walihamishiwa wilaya ya jirani mpaka aondoke.

Sasa nisimulie ya Kisungule.

Kisungule ni kijiji kilicho kando ya barabara kuu iendayo makao makuu. Kilikuwa na zahanati nzuri kuliko zote wilayani, yenye rangi ya maziwa na vigae vinavyong'aa, na juu ya mlango jina la Mheshimiwa Mbombo kwa herufi za shaba. Ilichokosa ni kufunguliwa. Nisije nikamsingizia mtu: Mheshimiwa aliifungua mara nyingi, kila alipopata mgeni wa kumwonyesha. Alikata utepe, akapigwa picha, kisha akafunga mlango kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni na kuondoka nao. Alieleza kwamba jengo zuri namna ile likiachwa wazi litaingiwa na wagonjwa.

Karibu na zahanati hiyo walikaa wauza mkaa wawili, Bi Nyamizi na mumewe, Mzee Lubasha. Lubasha alikuwa kiziwi. Ujanani alifanya kazi ya kupasua miamba kwa baruti ili ile barabara kuu ipite, na siku moja baruti ilimuwahi. Mawe yalimkosa, mlio haukumkosa. Tangu hapo hakusikia ng'ombe, wala ngoma, wala radi. Alisikia kitu kimoja tu, sauti ya mkewe akiitoa yote. Kwa hiyo Bi Nyamizi alizoea kuongea kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto, na majirani walijua Lubasha atakula nini mchana kabla Lubasha mwenyewe hajaambiwa.

Walikuwa na mabinti wawili, Kabula na Holo. Kabula alishikwa na uchungu wa uzazi mvua za masika zilipokuwa zimekata njia. Wakamlaza kwenye baraza ya zahanati, kwa matumaini kwamba mtu wa serikali akimwona pale atatafuta ufunguo. Ufunguo ulikuwa makao makuu, katika koti la Mheshimiwa. Kabula alikufa pale barazani, na mtoto tumboni. Wizara ilituma rambirambi, na katika rambirambi hizo ilikumbusha kwamba baraza ya jengo la serikali si mahali pa kulala.

Mwaka uliofuata Mheshimiwa alirudi kuifungua zahanati kwa heshima ya balozi wa Waingereza. Kijiji kizima kiliamriwa kuhudhuria. Mheshimiwa alisimama barazani, viatu vyake viking'aa kuliko vigae, akatoa hotuba kuhusu ustaarabu.

"Ndugu wananchi," alisema, "ustaarabu ni nini? Ustaarabu ni kungoja. Mtu asiyestaarabika akiumwa anataka dawa leo. Mstaarabu akiumwa anaona haya. Nchi za wenzetu zimeendelea kwa sababu watu wao wanajua kuumwa kimya kimya."

Bi Nyamizi alikuwa ameketi mbele, pembeni ya Holo, ambaye tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana. Hakuwa amepanga kusema lolote. Lakini alitazama vile viatu, akaona vimesimama mahali alipokiweka kichwa cha mwanawe, akajikuta amesimama. Wala hakupiga kelele. Aliongea kwa sauti aliyokuwa nayo, na hakuwa na nyingine.

"Mheshimiwa, mwanangu Kabula amefia hapo ulipokanyaga. Mdogo wake naye ni mjamzito. Leo ukiondoka, tuachie ufunguo."

Njiwa waliruka kutoka kwenye vigae. Balozi akamwuliza mkalimani kulikoni, na mkalimani, kijana mwenye malezi, akamwambia kwamba mama anaisifia rangi. Balozi akatikisa kichwa kukubali. Mheshimiwa akatabasamu, na tabasamu hilo hakuliondoa mpaka gari la balozi lilipopotea kwenye kona. Kisha akaagiza yule mwanamke akamatwe, na utepe ukunjwe vizuri maana utatumika tena.

Kesi ilisikilizwa wilayani. Hakimu alikuwa na wigi lililotengenezwa kwa kichwa kikubwa kuliko chake, hivyo aliendesha shauri akilishikilia kwa mkono mmoja. Alimsomea Bi Nyamizi kwamba anashtakiwa kwa kuwa lauti. Bi Nyamizi akasema hajui lauti ni nini. Hakimu akamwandikia mwendesha mashtaka kijikaratasi kumwuliza kama yeye anajua. Mwendesha mashtaka hakujua.

Akaitwa profesa wa chuo kikuu aliyekaa Uingereza kwa muda mrefu. Profesa alizungumza mpaka chai ya saa kumi ikapoa. Alieleza kwamba lauti hutembea kwa miguu mizito, hucheka kabla ya wakubwa kucheka, na sauti yake hufika mahali ambapo yeye mwenyewe hakualikwa. Alipobanwa kuhusu mahali alipoyapata hayo, alisema mambo mengine msomi huyajua kwa kukaa karibu nayo. Mahakama haikuridhika, ikampelekea balozi swali. Balozi akajibu kwa adabu kwamba neno hilo alilisikia mara moja tu kwa marehemu bibi yake, aliyekuwa akimwambia mbwa, na kwamba siku hizi kwao halitumiki.

Mtu angedhani kesi imekwisha. Hamjui mahakama za Staha. Hakimu aliposoma jibu la balozi alifurahi sana. Alisema hilo linathibitisha ukubwa wa neno lenyewe, kwamba wenye nalo wamelipoteza na sisi tumelitunza. Akamtia Bi Nyamizi hatiani kuwa lauti wa daraja la kwanza, na kumhukumu kunong'ona. Popote atakapokuwa, hata nyumbani kwake, asiongee kwa sauti inayovuka kizingiti cha mlango, mpaka Wizara itakaporidhika kwamba moyo wake umestaarabika. Akikiuka atapelekwa gereza la Wasio na Adabu, ambalo walioingia hawakuwahi kusikika tena, na Wizara ilitoa ukimya huo kama ushahidi kwamba mafunzo yao ni mazuri.

Bi Nyamizi alifungua mdomo kuuliza mumewe atamsikiaje. Mgambo akamwonyesha kwa kidole kwamba adhabu imeshaanza.

Mgambo huyo aliitwa Sajini Tindwa. Alikuwa mtu mnene, mwenye magoti mabovu, aliyeingia mgambo kwa sababu ya buti. Alipewa stuli na kuamriwa akae nje ya mlango wa Bi Nyamizi, asikilize. Sauti ikivuka kizingiti, aandike. Siku za mwanzo alikaa akiwa amekunja uso kama inavyotakiwa. Baadaye Holo akaanza kumletea uji, maana huwezi kunywa uji ndani na mtu anakutazama mlangoni, na uso ukakunjuka.

Ndani ya nyumba kukawa kimya, na kimya hicho kilimwangukia Lubasha.

Holo alijitahidi kumweleza baba yake kwa ishara. Alionyesha wigi, alionyesha mdomo, alionyesha pingu. Lubasha alielewa kwamba kuna mtu amenyolewa. Jirani mmoja aliyejua kuchora alimchorea hakimu ardhini, na hapo mzee akaelewa wanachomwambia, ila hakukiamini. Alikuwa mtu mwenye imani na serikali. Alishaipa masikio yake na hakujutia. Akamwambia Holo, kwa ile sauti ya viziwi isiyojua imefika wapi, kwamba serikali ina mambo mengi makubwa, haiwezi kukaa chini kushughulika na sauti ya mke wa mtu. Kama Nyamizi hasemi naye, basi Nyamizi ndiye hataki.

Akaanza kutafuta kosa lake. Alichota maji bila kuombwa. Alipasua kuni zilizokwisha kupasuliwa. Jioni alikaa mbele ya mkewe akimtazama midomo, nayo ikichezacheza bila kitu kutoka, na kila mara alisoma asichoambiwa. Mwisho akauliza lile lililokuwa likimkaa moyoni.

"Ni kwa ajili ya Kabula?" alisema. "Unanilaumu?"

Siku uchungu ulipomshika Kabula, Lubasha alikuwa kwenye tanuri la mkaa, hatua chache kutoka nyumbani. Kabula alimwita baba yake, maana mama yake alikuwa ameenda sokoni. Aliita mpaka wapita njia wakaja, lakini baba hakugeuka. Walipomshika bega, muda mwingi ulikuwa umepita. Tangu siku hiyo Lubasha alikuwa na hakika kwamba angesikia mapema angempakia kwenye baiskeli, angelivuka tope, angemfikisha hospitali ya wilaya. Hakuwahi kulisema hilo kwa mtu.

Bi Nyamizi alimshika mikono. Alinong'ona kwamba hapana, hapana, si wewe. Lubasha alitazama ile midomo, akaona inatetemeka, akaitafsiri anavyojua mwenyewe. Akatoa mikono yake taratibu na kwenda kulala kwenye banda la mkaa. Nje, Sajini Tindwa alikuwa ameshika bakuli la uji na hakunywa.

Siku za Wiki ya Adabu zikafika. Mheshimiwa Mbombo aliondoka makao makuu kwenda mikoani kuhimiza unyenyekevu, akiwa na msafara ambao mwanzo wake ulifika wilayani wakati mwisho wake bado unajaza mafuta. Madereva walikuwa na amri ya kutopunguza mwendo kwa ajili ya raia, kwa kuwa kupunguza mwendo ni namna ya kuomba ruhusa.

Asubuhi hiyo Bi Nyamizi alikuwa kando ya barabara, amepanga mafungu ya mkaa, na Sajini Tindwa yuko pembeni yake kwenye stuli. Lubasha alikuwa mbele yao, anasukuma baiskeli yenye magunia mawili, ameushika ukingo wa lami, mgongo wake umeelekea kule msafara unakotokea. Ving'ora vilisikika kijiji kizima. Watu walikimbilia migombani. Lubasha aliendelea kusukuma, ametulia, anatembea juu ya barabara aliyoipasulia miamba mwenyewe.

Gari la kwanza lilitokea kwenye kona na halikupunguza kitu. Tindwa aliinuka, stuli ikapinduka. Bi Nyamizi alimtazama mgambo, akalitazama gari, akamtazama mumewe.

"Lubasha! Toka barabarani!"

Wanaosema sauti ile ilifika wilayani wanatia chumvi. Ilifika ilipotakiwa. Lubasha aliisikia, na kwa mtu aliyekaa kimya muda wote ule ilikuwa kama kumwagiwa maji. Hakugeuka kutazama. Alijirusha kwenye nyasi. Gari likaipiga baiskeli, magunia yakapasuka, na wingu la vumbi la mkaa likafunika lami. Ndani ya wingu hilo magari yakaanza kutafutana. Moja, refu na jeusi, likaacha njia, likateremka mtaroni polepole, likatulia kwenye tope.

Mheshimiwa Mbombo alitoka kupitia dirishani. Alikuwa mweusi kwa mkaa hadi magotini na mwekundu kwa tope kutoka hapo kushuka. Msaidizi wake alikuwa gari jingine, hivyo akapiga chafya mwenyewe, mara ya kwanza tangu ateuliwe. Kisha akaanza kutukana.

Mimi kama msimulizi niliyelelewa siwezi kuyarudia. Niseme tu kwamba alianza na mama zetu, akapanda kwa bibi zetu, akashuka kwenye viungo ambavyo hata waganga huvitaja kwa fumbo, na alipoviishia akarudia wa mwanzo. Aliwatukana wauza mkaa, akalitukana tope, akaitukana Kisungule kwa jina. Watu walitoka migombani wakasimama, wanasikiliza kwa heshima kama walivyofundishwa. Mama mmoja alimziba mwanawe masikio, kisha akakosa mkono wa kuziba yake.

Ng'ambo ya barabara Lubasha alikuwa ameketi kwenye nyasi, kiwiko kinamvuja damu, anamtazama mkewe.

"Umeniita," alisema.

"Nimekuita," alijibu Bi Nyamizi, kwa sauti yake yote. Askari wa msafara wakamtia pingu papo hapo.

Kesi ya pili ilitarajiwa kuwa fupi. Lauti wa daraja la kwanza amevunja amri hadharani, mchana, mbele ya Wizara yenyewe. Hakimu alikuja na wigi lililopunguzwa. Akamwita shahidi wa kwanza, Sajini Tindwa, ambaye kazi yake yote ilikuwa kusikia.

Mwendesha mashtaka akamwuliza kama siku ile alimsikia mshtakiwa akipaza sauti. Bi Nyamizi hakuwa na wakili, lakini alimgeukia Tindwa akauliza, kwa mnong'ono uliosikika mahakama nzima kwa sababu watu walikuwa wameacha kupumua, kwamba kama alisikia, basi aieleze mahakama na vingine vyote alivyosikia asubuhi ile, neno kwa neno, kuanzia wale mama.

Mwendesha mashtaka aliona shimo mbele yake. Mheshimiwa Mbombo alikuwa ameketi safu ya kwanza, shingoni bado ana mkaa. Tindwa akamtazama Mheshimiwa, akamtazama mzee Lubasha aliyekuwa nyuma na bandeji kiwikoni. Akavuta pumzi.

"Sikusikia kitu, Mheshimiwa Hakimu," alisema. "Mimi ni kiziwi."

Hakimu akamwuliza tangu lini. Tindwa akaweka mkono nyuma ya sikio na kuomba swali lirudiwe.

Akaitwa shahidi wa pili, mwenyekiti wa kijiji, naye alikuwa kiziwi. Akaitwa muuza duka, mama wa mtoto aliyezibwa masikio, katekista, mwalimu mkuu. Wote walisimama kizimbani wakitabasamu kwa upole na kuwaomba wakubwa wapaze sauti. Kufikia jioni hapakuwa na mtu wa Kisungule aliyewahi kusikia chochote maishani mwake.

Hapo serikali ilikaa kikao. Kama watu hawa wanasema uongo, basi walimsikia mwanamke, na kama walimsikia mwanamke walimsikia na Mheshimiwa. Kama wanasema kweli, basi kijiji kizima kilicho kando ya barabara kuu kimekuwa kiziwi, na hotuba zote za Mheshimiwa zimepotea hewani. Wajumbe walipima mambo hayo mawili kwa makini. Wizara ikachagua uziwi. Bi Nyamizi aliachiwa kwa kukosekana ushahidi, na adhabu ya kunong'ona ikasitishwa kwa sababu za kiafya, maana ilionekana haina maana kumkataza mtu kupaza sauti mahali ambapo hakuna wa kumsikia.

Lakini wananchi wasiosikia hotuba ni hatari kwa taifa. Wiki haikuisha, tangazo likatoka redioni kwamba Kisungule imekumbwa na mlipuko wa uziwi, na kwamba serikali sikivu imeamua kuchukua hatua. Gari la Wizara ya Afya likaja. Likashusha vitanda, dawa, taa, na daktari wa masikio aitwaye Yusta Kalinga. Mkononi alikuwa na ufunguo.

Kabula alikuwa amekufa kwa kukosa kile kitu, na kumbe kiliweza kufika kwa gari, asubuhi moja, wakubwa wakitaka kusikika.

Daktari Yusta aliwapanga watu foleni barazani. Alikwenda nyuma yao akaangusha bakuli la chuma, wakaruka wote. Aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akaingia ndani, akaanza kuandika uziwi, uziwi, uziwi, mpaka chini. Tangu siku hiyo watu walileta zahanati masikio yao. Walileta masikio yenye homa ya malaria, masikio yaliyovunjika mguu, masikio yanayoharisha. Daktari alitibu alichokikuta na kuandika alichoagizwa.

Holo aliletwa alfajiri moja amemwegemea mama yake. Taa ilikuwa inawaka, mlango uko wazi. Bi Nyamizi alisita kidogo pale barazani, akapazunguka mahali fulani bila kupakanyaga, wakaingia. Jua lilipopanda, kilio cha mtoto wa kike kilisikika katika kijiji kizima cha viziwi. Katika taarifa ya Wizara iliandikwa kwamba mgonjwa alifika na maumivu ya sikio la kushoto, akatibiwa, wakaruhusiwa wawili.

Lubasha alimbeba mjukuu wake kama mtu anayebeba yai. Bi Nyamizi, ambaye sasa sauti yake ilikuwa huru, alimwambia tena na tena kwamba hana kinyongo naye, hajawahi kumlaumu, kwamba Kabula hakufa kwa ajili ya masikio ya baba yake. Lubasha alisikia kila neno na kutikisa kichwa kukataa. Alisema yeye ni mke mwema na anamfariji. Angeambiwa hivyo na mtu mwingine, asiyempenda, labda angeamini.

Mwishowe Mheshimiwa Mbombo akaja kuifungua zahanati, kwa kuwa ilikuwa imefunguliwa bila yeye. Watu waliketi uwanjani, mikono mapajani, wametazama mbele. Sajini Tindwa alikuwa kwenye stuli yake. Mheshimiwa alisimama palepale barazani na kuzungumza kwa kipaza sauti kikubwa kilicholetwa maalumu. Alisema zahanati hii ni zao la upendo wake. Alisema aliwaona wananchi wake wakiteseka, na usingizi ukamruka. Alisema serikali yenye adabu haingoji kuombwa.

Hakuna aliyepiga makofi, maana hakuna aliyesikia. Mheshimiwa aliendelea, jasho likimtoka.

Lubasha, aliyempakata mjukuu na ambaye ndiye peke yake aliyekuwa kiziwi kweli, alimgusa mkewe begani. Aliona mdomo wa mkubwa unakwenda kwa muda mrefu, na alikuwa mtu wa kuheshimu yasemwayo na serikali.

"Anasema nini?"

Bi Nyamizi alimtazama mumewe. Akamtazama Mheshimiwa pale juu, na viatu vyake. Akatoa sauti yake yote, na kipaza sauti kile kikaonekana kama mdudu.

"Anasema Kabula alikufa kwa sababu yake. Anasema ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Anasema hata ungesikia, hata ungembeba, mlango ulikuwa umefungwa na barabara ilikuwa imekatika, na yeye ndiye aliyejua hayo yote. Anasema anaomba radhi."

Mheshimiwa alinyamaza. Aliwatazama watu wote wale, akitafuta shahidi mmoja. Walikuwa wametazama mbele, wapole, hakuna kope iliyocheza. Sajini Tindwa alikuwa anafunga kamba za buti.

"Amesema hivyo mwenyewe?" Lubasha aliuliza.

"Mwenyewe."

"Mbele ya watu wote?"

"Mbele ya watu wote."

Mabega ya Lubasha yalishuka kama ya mtu aliyetua magunia. Alimpa mkewe mjukuu amshike. Kisha akasimama, akavua kofia, akaanza kumpigia Mheshimiwa makofi, kwa moyo wote, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Watu wakamwona. Mwenyekiti akasimama, muuza duka akasimama, Daktari Yusta akatoka mlangoni, na uwanja mzima ukapiga makofi mpaka njiwa wakahama vigae.

Mheshimiwa Mbombo alibaki juu ya baraza ile, amezungukwa na makofi, wapiga picha wakingoja. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, hakuwa na la kufanya ila kuinamisha kichwa na kushukuru.